Kabla Hujapanda Mbegu: Namna ya Kumpima Mwalimu wa Neno

Ni wachache wanaopotoka wakiwa wametulia mezani na Biblia wanalinganisha mafundisho. Wengi hunaswa pale mtoto anapougua miezi mitatu bila jibu, ndoa inapotimiza mwaka wa saba bila mimba, au barua ya kuachishwa kazi inapofika. Mwalimu wa uongo haji na fundisho mkononi. Anakuja na jibu la shida yako, na fundisho linafuata nyuma, kidogokidogo, mpaka siku unapogundua kwamba unamwogopa yeye kuliko Mungu. Kwa hiyo kazi ya kujilinda hufanywa mapema, wakati mambo yametulia. Paa halizibwi mvua ikinyesha.

Hatua zilizo hapa chini zinamfaa muumini wa kawaida. Unahitaji Biblia nzima (si Agano Jipya peke yake), daftari la kurasa 96, kalamu, na mtu mmoja mkomavu wa imani ambaye hasali kwenye huduma unayoipima.

1. Tenganisha aliyekosea na mdanganyifu

Apolo alifundisha Efeso akiijua njia ya Bwana nusunusu: ubatizo wa Yohana tu ndio alioujua. Prisila na Akila hawakumtangaza kuwa nabii wa uongo. Walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:24-26), naye akakubali. Kipimo chako cha kwanza ni hicho: akisahihishwa kwa upole, anafanya nini? Aliyekosea husikiliza. Mdanganyifu hukutangaza madhabahuni Jumapili inayofuata.

Pia usiite uzushi kila usilolizoea. Wakristo waaminifu wametofautiana kwa karne nyingi juu ya ubatizo wa watoto, kunena kwa lugha, siku ya ibada na namna ya kuongoza kanisa. Ukipigana kila upande utachoka, na siku mbwa-mwitu halisi akija hakuna atakayekusikiliza.

2. Andika msingi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari

Andika kwa maneno yako, sentensi moja moja: Mungu ni nani, Yesu ni nani, alifanya nini msalabani, mtu anaokolewaje, nani ana neno la mwisho juu ya imani yako, Yesu atarudi lini. Swali la mwisho ni la mtego, na jibu lake liko Mathayo 24:36: hakuna ajuaye. Ukikwama, anzia 1 Wakorintho 15:3-4, ambapo Paulo anaifupisha Injili kwa aya mbili, au Imani ya Mitume unayoikiri kila Jumapili bila kuisikiliza.

Kisha soma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya tatizo hili hili, kila kimoja kwa mkao mmoja na kwa sauti: Yuda (aya 25), 2 Petro (sura 3), Tito (sura 3), 1 Yohana (sura 5), Wagalatia (sura 6). Wagalatia inachukua kama nusu saa. Vyote vinaisha ndani ya wiki moja ya jioni. Kosa la kawaida hapa ni kuvisoma kwa aya ya siku ya kwenye simu, kipande leo, kipande kesho. Barua haisomwi hivyo.

3. Sikiliza mahubiri kwa safu tatu

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: ANDIKO, DAI, AGIZO. Kwenye ya kwanza andika aya iliyosomwa. Ya pili: mhubiri amesema aya hiyo inamaanisha nini. Ya tatu: amewataka mfanye nini. Fanya hivyo kwa ibada nne mfululizo kabla ya kuamua lolote.

Baada ya mwezi daftari litasema lenyewe. Huenda safu ya kwanza ina aya sita tu, zilezile. Huenda safu ya tatu karibu yote ni kutoa, kuja mkesha, kununua mafuta, kumheshimu baba wa kiroho. Mara nyingine utakuta DAI halina uhusiano wowote na ANDIKO: ilisomwa aya, Biblia ikafungwa, yakafuata masaa mawili ya ndoto na maono.

Nyumbani, chukua kila andiko ulifanyie mambo manne. Soma sura nzima. Soma sura iliyotangulia. Jibu: nani anamwambia nani, na kwa nini? Kisha jiulize kama msikilizaji wa kwanza angeweza kuelewa kile mhubiri alichodai. Waberoya walimfanyia hivyo Paulo mwenyewe, nao wakaitwa waungwana, kwa sababu "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Kama mtume alichunguzwa, hakuna mtume wa leo aliye juu ya kuchunguzwa.

Tujaribu kwa aya zinazotumika sana.

Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Iko kwenye stika za daladala, na kila Januari hutangazwa kuwa ahadi ya gari na nyumba mwaka huu. Rudi aya moja tu nyuma. Aya ya 10 inasema ahadi itatimia baada ya miaka sabini. Barua hii iliandikiwa watu waliohamishwa Babeli, na kabla ya kupewa tumaini waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji wa adui, kwa maana hawarudi kesho. Wengi wa waliosomewa barua hiyo wangefia ugenini. Sasa soma aya ya 8 na ya 9: wanaonywa wasidanganywe na manabii walio katikati yao. Kisha rudi sura ya 28 umkute nabii mmoja, Hanania, aliyesimama hekaluni mwezi wa tano na kutangaza kwamba yote yatarudi ndani ya miaka miwili. Alikuwa na igizo pia: alivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia mbele ya watu. Hapana shaka umati ulimpenda. Alikufa mwezi wa saba wa mwaka uleule. Aya inayotumika zaidi na manabii wa mafanikio ya haraka imeandikwa kuwapinga manabii wa mafanikio ya haraka, na hilo hutalijua kama hukufungua sura ya jirani.

Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Hii hutolewa mtu anapouliza maswali. Soma kuanzia aya ya 8. Masihi wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na ardhi, na wanaoonywa ni wafalme waliokuwa na nguvu ya kuwadhuru. Ni aya ya kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye mamlaka, leo inatumiwa kinyume chake. Daudi alikataa kumuua Sauli, ndiyo, lakini alimweleza kosa lake waziwazi, watu wote wakisikia (1 Samweli 24). Paulo alimkemea Petro mbele ya wote kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14). Kuuliza si kugusa.

Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani". Kabla ya kufika sura ya tatu, Malaki ametumia sehemu kubwa ya sura ya kwanza na ya pili kuwashtaki makuhani. Ghala la aya hiyo lilikuwa la chakula, na kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 14:28-29 kila mwaka wa tatu fungu la kumi liliwekwa kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Anayekusomea Malaki muulize mjane gani wa mtaa huu amekula kutoka ghala hilo.

3 Yohana aya ya 2, "naomba ufanikiwe katika mambo yote", ni salamu ya Yohana kwa Gayo, kama sisi tunavyoandika "natumaini u mzima wa afya". Salamu haijengewi fundisho.

4. Pima unabii kwa tarehe

Unabii ukitolewa juu yako, uandike siku hiyohiyo, neno kwa neno, na tarehe. Usiutegemee ubongo. Kumbukumbu ya binadamu hupenda kurekebisha maneno yakubaliane na kilichotokea.

Jifunze namna mambo haya yanavyofanyika. Mbele ya watu mia tatu, kusema "kuna mama hapa anasumbuliwa na kiuno", au "namwona mtu jina lake linaanza na M", hakuhitaji ufunuo. Katika nchi zetu zenye akina Maria, Mariamu, Musa na Mwajuma, lazima mtu atasimama. Akitaja namba yako ya simu au jina la marehemu baba yako, jiulize nani alikuwa nalo: fomu uliyojaza mlangoni, mhudumu aliyekuhoji kwenye foleni ya maombi, jirani aliyekualika, au ukurasa wako wa Facebook. Kinga yake ni rahisi. Usijaze fomu ya shida zako kabla ya ibada, na ukiombewa sema tu "naomba maombi", bila maelezo. Mungu anajua kilichobaki.

Kipimo cha Kumbukumbu 18:22 kinajulikana: lisipotimia, Bwana hakulinena. Kisichosomwa sana ni cha sura ya 13, aya ya 1 hadi ya 3. Pale ishara inatimia, na bado nabii hafuatwi, kwa kuwa anawavuta watu kwenye miungu mingine. Muujiza hauthibitishi fundisho. Hata wale wa Mathayo 7:22 watasema walitoa pepo na kufanya miujiza mingi, na watajibiwa kwamba hawakujulikana kamwe.

5. Fuata fedha

Bei ndogo haimsafishi mtu. Kikombe cha Loliondo, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kule kijiji cha Samunge, mwaka 2011, kiliuzwa shilingi 500 tu, na magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Tatizo halikuwa hiyo mia tano. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao, wapo walioacha dawa, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni.

Hivyo angalia mambo mengine. Je, maombi yana bei, au maji, mafuta, chumvi na stika vina bei kwa kuwa vimeombewa? Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi, mtumishi wake, aliyeikimbilia kwa siri akapigwa ukoma (2 Wafalme 5). Petro alimwambia Simoni, aliyetaka kununua karama ya Mungu, fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Yesu alisema "mmepata bure, toeni bure". Hapa hakuna utata wa tafsiri.

Sadaka inatumwa wapi? Namba ya malipo au akaunti inapaswa kuwa na jina la kanisa, na watia saini wasiopungua wawili ambao si mke na mume. Jina la mchungaji binafsi likijitokeza kwenye simu unapothibitisha muamala, simamisha. Omba taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka. Kanisa lenye utaratibu huisoma mbele ya washarika. Paulo, aliyewaandikia waumini nyaraka zenye pumzi ya Mungu, alikataa kubeba mchango peke yake. Alisafiri na wajumbe waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asimlaumu (2 Wakorintho 8:18-21).

Weka kanuni tatu za nyumbani, zikubaliwe na mke na mume kabla ya siku ya presha: hakuna ahadi inayotolewa kwenye kusanyiko bila kupita siku tatu, hakuna sadaka ya mkopo, hasa mkopo wa riba kubwa wa kausha damu au fedha ya kikoba; na ada ya shule, kodi na dawa havipandwi kuwa mbegu, yaani havitolewi sadaka kwa kutumaini vitarudi na faida. Ukiambiwa "upako wa dakika hii utapita", hapo ndipo unapoutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

Na umati nao ni hatari yenyewe. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Ukienda kwenye mkutano mkubwa, simama karibu na mlango wa kutokea, usimpeleke mtoto mdogo mbele, na usiitikie mwito wa kukimbia.

6. Muulize anawajibika kwa nani

Maswali haya muulize kwa heshima, si kwa kumvizia. Amepata wapi mafunzo, na nani alimwekea mikono? Alitoka kanisa gani, na waliachanaje? Nani anaweza kumsimamisha kazi akikosea? Jibu la "Roho Mtakatifu peke yake" maana yake ni hakuna mtu. Linganisha na 1 Timotheo 3:1-7 na Tito 1:5-9. Utaona sifa karibu zote ni za tabia: asiwe mpenda fedha, asiwe mgomvi, aisimamie nyumba yake vizuri. Karama inayodaiwa hapo ni moja, kujua kufundisha. Hakuna anayetakiwa kuona maono.

Cheti cha usajili kiombe, Tanzania kutoka kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Kenya kutoka kwa Msajili wa Vyama. Lakini usilale juu yake. Kanisa la Paul Mackenzie kule Malindi lilikuwa na usajili, na ulifutwa Mei 2023, wakati makaburi ya waumini wake, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, katika msitu wa Shakahola yalikuwa tayari yanafukuliwa.

7. Dalili ambazo hazisubiri mwezi wa uchunguzi

Daftari lina kazi yake, ila kuna mambo ukiyaona unatoka na watoto wako siku hiyohiyo. Hospitali inaitwa ukosefu wa imani. Shule inaitwa ya shetani. Waumini wanaambiwa wachome vitambulisho, wauze mali, wahamie mahali palipojificha. Mume anatenganishwa na mke, au mtoto na wazazi. Kuna tarehe ya mwisho wa dunia. Kuna mfungo usio na mwisho, au unaowahusisha watoto. 1 Timotheo 4:1-3 inataja kuzuia ndoa na kuamuru watu wajiepushe na vyakula kuwa alama za mafundisho ya mashetani, kwa hiyo hili si jipya.

Kanungu, Uganda, kundi lililodai kurejesha Amri Kumi lilingoja mwisho wa dunia tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita. Waliouza mali wakaanza kuuliza, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Tarehe inapokosewa ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Usifikiri ndugu yako atafunguka macho mwenyewe, mfuate wiki hiyo. Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, wakiwamo watoto wengi. Mackenzie alikana mashtaka mahakamani.

Juu ya kufunga: mfungo wa Ester ulikuwa siku tatu, kwa sababu maalumu. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari na wanaotumia dawa za kila siku wasifunge bila daktari. Mtu mzima asiyekunywa maji yuko hatarini ndani ya siku tatu, kwenye joto hata kabla. Na ukimpata mtu aliyekaa bila chakula siku tano au zaidi, usimpe sahani ya ugali kwa huruma. Mwili uliokauka ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Kama ana fahamu mpe maji kidogokidogo, mpeleke hospitali, waeleze hajala siku ngapi.

Polisi ni 112 Tanzania na Kenya. Kwa mtoto piga 116, ni bure. Ubakaji, ukatili kwa mtoto na utapeli havipelekwi kwanza kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Kanuni ya Mathayo 18 ya kumwendea ndugu faraghani haikuwekwa ili kuficha jinai.

8. Ndugu yako akiwa tayari ameingia

Kosa kubwa ni kumtukana nabii wake. Ameshaambiwa kwamba familia itamtesa kwa ajili ya imani, na wewe unatimiza unabii. Kosa la pili ni kumpiga aya kumi kwa mkupuo. Chukua moja, muombe msome sura nzima pamoja, kisha nyamaza. Muulize: "Hapa mchungaji anasemaje? Na sura yenyewe inasemaje?" Ukipata jibu la "nitamuuliza", umefika mbali kwa siku hiyo.

Endelea kumwalika misibani, harusini, kwenye chakula cha Jumapili. Wengi hutoka kwa sababu palikuwa na mlango uliobaki wazi.

Wakati huohuo linda nyaraka: hatimiliki ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na kadi za kliniki ziwekwe kwa mtu mwaminifu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiona dalili za kuuzwa, weka zuio mapema kwa Msajili wa Hati. Mnunuzi akishalipa, kesi inakuwa ndefu.

Akirudi, asilazimishwe kushuhudia. Mwache akae benchi la nyuma miezi kadhaa, bila jukumu, bila kuombwa sadaka. Atashtuka akisikia neno "upako", na atakuwa na aibu ya fedha. Kama ana madeni, kaeni myaandike moja moja na kuanza na yenye riba kubwa. Na aliyeacha dawa za TB au ARV asianze tena zile zilizobaki kabatini. Aende kliniki aliyokuwa anahudhuria, aseme wazi aliacha lini, apimwe upya kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.